Barua Inapogeuka Amri: Uhakiki wa Data katika Seva ya Barua Pepe

UTANGULIZI

Ukiulizwa namna ya kulinda kompyuta, huenda kalamu ikakimbilia majibu mawili: nywila imara na programu ya kuzuia virusi. Majibu hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Yapo mashambulizi ambayo mshambuliaji hakuiba nywila ya mtu yeyote, wala hakumdanganya mtu abonyeze kitu. Aliandika tu anwani ya barua pepe kwa namna ambayo mtunzi wa programu hakuitazamia, na kompyuta iliyoipokea ikamtii.

Mada hii inaeleza jambo hilo linavyowezekana. Chanzo chake ni kimoja: programu imepokea data kutoka nje na kuzitumia bila ya kuzikagua ipasavyo. Ukilielewa hili kwenye seva ya barua pepe, utaliona pia kwenye fomu za tovuti, mifumo ya matokeo na programu za simu. Lielewe kwanza kwa Kiswahili. Ukishalielewa utalieleza kwa lugha yoyote utakayoulizwa.

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza njia inayopita barua pepe kutoka kwa mtumaji hadi kwa seva ya mpokeaji;
(b) kutofautisha uhakiki na uthibitishaji wa data;
(c) kutaja aina za ukaguzi na kutoa mfano wa kila moja;
(d) kueleza kasoro tatu za uhakiki kwa kutumia matukio ya kweli;
(e) kupendekeza kinga kwa mtunzi wa programu na kwa msimamizi wa seva.

1. SEVA YA BARUA PEPE INAVYOFANYA KAZI

Seva ya barua pepe ni kompyuta yenye programu ya kupokea, kuhifadhi na kupeleka barua pepe. Seva mbili zinapozungumza hufuata kanuni zinazoitwa itifaki. Itifaki ya kusafirisha barua pepe ni SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel na kutolewa mwaka 1982. Seva husikiliza kwenye mlango namba 25, na mazungumzo huwa ya maandishi ya kawaida. Tazama mfano huu. Jina «skuli.example» si la skuli yoyote, majina yanayoishia hivyo yametengwa kwa ajili ya mifano.

Mtumaji: HELO kompyuta.skuli.example
Seva: 250
Mtumaji: MAIL FROM:<mwalimu@skuli.example>
Seva: 250
Mtumaji: RCPT TO:<mwanafunzi@skuli.example>
Seva: 250
Mtumaji: DATA
Seva: 354
Mtumaji: Kikao cha wazee ni Jumamosi.
Mtumaji: .
Seva: 250
Mtumaji: QUIT
Seva: 221

Mtumaji ameanza kwa kujitambulisha. Kisha ametaja barua inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na mwisho ametoa barua yenyewe. Nukta iliyo peke yake kwenye mstari ina maana ya «barua imekwisha». Namba 250 ina maana ya «nimekubali», na 354 ina maana ya «leta barua». Anwani isiyo na muundo sahihi inatakiwa ijibiwe kwa namba ya kukataa, kwa mfano 501.

Angalia mambo mawili katika mazungumzo haya.

Kwanza, amri na data zimepita katika njia moja. Maneno MAIL FROM ni amri. Anwani iliyo baada yake ni data. Seva ndiyo yenye kazi ya kujua amri inaishia wapi na data inaanzia wapi.

Pili, mtumaji hakuombwa nywila. Mwenye akaunti huombwa nywila anapotuma au kusoma barua zake, lakini seva ngeni inapoleta barua ya mtu wa hapa, haina akaunti hapa. Ofisi iliyopo Chake Chake inayotaka kupokea barua kutoka Dar es Salaam, Muscat au London lazima iache mlango wazi kwa seva zote hizo, zikiwemo isizozijua. Kwa hiyo seva ya barua pepe haiwezi kujilinda kwa kuwafungia wageni mlango. Kazi yake ndiyo kupokea wageni. Inachoweza kufanya ni kukagua kila wanachokileta.

2. MAANA YA UHAKIKI

Uhakiki wa data ni ukaguzi unaofanywa na programu ili kuona kama data zinazoingizwa zinakubalika kabla ya kutumiwa.

Kwa mtoto wa Pemba, mfano wa karibu ni kituo cha kununulia karafuu cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, yaani ZSTC. Mkulima akifika na gunia, karafuu haziendi moja kwa moja ghalani. Huangaliwa kwanza kama zimekauka na kama ni safi, zisizochanganyika na makonyo. Gunia likiingia ghalani bila ya kuangaliwa, karafuu mbichi zinaweza kuharibu hata zile njema zilizotangulia. Mahali pa kukagua ni mlangoni, kabla ya mchanganyiko.

Programu nayo hukagua mlangoni. Aina kuu za ukaguzi ni hizi:

(i) Ukaguzi wa uwepo: je, sehemu imejazwa? Anwani ya mpokeaji haiwezi kuwa tupu.
(ii) Ukaguzi wa aina: je, ni namba au maandishi? Umri usiandikwe «kumi na saba» mahali panapotakiwa 17.
(iii) Ukaguzi wa urefu: je, herufi zimezidi kipimo? Katika SMTP, sehemu ya anwani iliyo kabla ya alama ya @ haitakiwi kuzidi baiti 64.
(iv) Ukaguzi wa masafa: je, thamani ipo kati ya kiwango cha chini na cha juu? Alama za mtihani ziwe kati ya 0 na 100.
(v) Ukaguzi wa muundo: je, data zimepangwa inavyotakiwa? Anwani iwe na sehemu ya kushoto, alama ya @, na sehemu ya kulia.
(vi) Ukaguzi wa orodha: je, herufi na alama zilizotumika zimo katika zile zinazoruhusiwa?

Usichanganye uhakiki na uthibitishaji

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa. Uhakiki huuliza: «Je, data hizi zinakubalika?» Uthibitishaji huuliza: «Je, data hizi ni zile zile zilizokusudiwa?» Ukijaza tarehe ya kuzaliwa 31 Februari, uhakiki utaikataa kwa sababu tarehe hiyo haipo. Ukijaza 12 Machi ilhali umezaliwa 21 Machi, uhakiki utaipitisha, kwa kuwa tarehe 12 Machi ipo. Kosa hilo hugunduliwa kwa uthibitishaji, kama vile kulinganisha na cheti cha kuzaliwa. Kuandika nywila mpya mara mbili pia ni uthibitishaji.

3. KASORO TATU ZA UHAKIKI

Kasoro ya kwanza: data inageuka amri

Programu nyingi za barua pepe huomba msaada wa programu nyingine ili kuweka barua kwenye sanduku la mtu. Tuseme programu inatengeneza sentensi ya amri hivi: «peleka barua kwa» kisha inaunganisha anwani iliyopewa. Anwani ikiwa ya kawaida, mambo ni salama. Lakini katika mifumo endeshi mingi, nukta mkato hutenganisha amri moja na nyingine. Mgeni akiandika anwani yenye nukta mkato na kufuatisha maneno mengine, mfumo endeshi utasoma amri mbili: ya kwanza ya programu, ya pili ya mgeni. Kasoro hii huitwa uchomekaji wa amri.

Kasoro ya pili: data zinazidi chombo

Programu hutenga sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea data zinazoingia. Sehemu hiyo huitwa bafa. Ikiwa bafa ni ya baiti 512 na programu haipimi urefu, baiti ya 513 na zinazofuata zitaandikwa juu ya kumbukumbu ya jirani. Fikiria unajaza pakacha bila ya kutazama: vinavyozidi humwagika juu ya vya mwenzako. Katika kompyuta, «vya mwenzako» huweza kuwa maelezo yanayoiambia programu iende wapi baada ya hatua hii. Mshambuliaji akiyafunika kwa maelezo yake, programu itakwenda anakotaka yeye.

Kasoro ya tatu: ukaguzi upo lakini una njia ya pembeni

Hapa mtunzi ameandika ukaguzi, ila kuna hali fulani ambayo data hupita bila ya kukaguliwa. Hii ndiyo kasoro ngumu zaidi kuiona, kwa sababu anayesoma programu huuona ukaguzi na kuridhika.

4. MATUKIO YA KWELI

(a) Mnyoo wa Morris, 1988

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachia kwenye mtandao programu inayojinakili yenyewe. Programu ya aina hiyo huitwa mnyoo wa kompyuta. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kompyuta 6,000 ziliathirika, wakati mtandao mzima ulikuwa na kompyuta zipatazo 60,000.

Mnyoo ulitumia njia kadhaa. Mojawapo ilikuwa programu ya barua pepe iitwayo Sendmail, ambayo mwanzoni iliandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Sendmail ilikuwa na hali ya majaribio iliyowasaidia mafundi kutafuta makosa. Katika hali hiyo, mahali pa anwani ya mpokeaji pangeweza kuandikwa amri. Kompyuta nyingi ziliachwa hali hiyo ikiwa imewashwa. Mnyoo ukaandika amri badala ya mpokeaji, na amri hiyo ikaisomesha kompyuta maelekezo yaliyokuwa ndani ya barua yenyewe. Hii ni kasoro ya kwanza.

Njia nyingine ilikuwa programu ya fingerd, iliyotoa habari za watumiaji wa kompyuta. Bafa yake ilikuwa ya baiti 512. Mnyoo ulipeleka baiti 536. Hii ni kasoro ya pili.

Morris alitiwa hatiani mwaka 1990. Alipewa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Tukio hilo pia lilisababisha kuanzishwa, mwezi ule ule wa Novemba 1988, kwa kituo cha kushughulikia dharura za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Nchi nyingi baadaye ziliunda vituo vya namna hiyo. Tanzania ina TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

(b) Exim, 2019

Exim ni programu ya seva ya barua pepe iliyoanzishwa mwaka 1995 na Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwezi Juni 2019 watafiti wa kampuni ya Qualys walitangaza kasoro katika matoleo ya 4.87 hadi 4.91, iliyopewa namba CVE-2019-10149. Exim ina lugha yake ndogo ya maelekezo, na moja ya maelekezo hayo ni «endesha programu hii». Anwani ya mpokeaji haikuhakikiwa ipasavyo. Anwani iliyoandikwa kwa alama za lugha hiyo ilitekelezwa badala ya kusomwa tu. Tena ilitekelezwa kwa uwezo wa mtumiaji mkuu, yule mwenye ruhusa ya kufanya lolote katika kompyuta.

Sasa fuatilia tarehe kwa makini:

Februari 2019: toleo la 4.92, lisilo na kasoro hiyo, linatolewa.
Juni 2019: kasoro inatangazwa kwa umma.
Agosti 2019: kundi la wadukuzi wa jeshi la Urusi, liitwalo Sandworm, tayari linaitumia.
Mei 2020: Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, linatoa onyo kwamba kundi hilo limekuwa likiitumia kasoro hiyo tangu angalau Agosti 2019.

Dawa ilikuwepo miezi minne kabla ya ugonjwa kutangazwa, na miezi sita kabla ya mashambulizi hayo. Walioumia ni wale ambao seva zao hazikusasishwa. Hili ndilo funzo kubwa la tukio la Exim: kurekebisha programu ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kila msimamizi kuweka toleo lililorekebishwa.

(c) OpenSMTPD, 2020

OpenSMTPD ni seva ya barua pepe ya mradi wa OpenBSD, mradi unaosifika kwa kujali usalama. Mwezi Januari 2020 Qualys walitangaza kasoro CVE-2020-7247, iliyokuwemo tangu Mei 2018. Programu ilikuwa na ukaguzi wa anwani ya mtumaji. Hatua zake, kwa ufupi, zilikuwa hivi:

Hatua ya 1: Kagua sehemu ya kushoto ya anwani, na ukague sehemu ya kulia.
Hatua ya 2: Kama zote mbili ni sahihi, jibu NDIYO.
Hatua ya 3: Kama sehemu ya kulia ni tupu, jaza jina la seva hii, kisha jibu NDIYO.
Hatua ya 4: Vinginevyo, jibu HAPANA.

Kabla hujaendelea, zisome hatua hizo mara ya pili utafute kosa.

Kosa lipo hatua ya 3. Mtunzi alitaka kuwasaidia watumiaji wa ndani ya kompyuta wanaoandika «mwalimu» bila ya kuandika jina la seva. Nia ni njema. Lakini hatua ya 3 haiulizi tena kama sehemu ya kushoto ilikuwa sahihi. Mgeni akiandika sehemu ya kushoto yenye alama zilizokatazwa, na kuacha sehemu ya kulia tupu, hatua ya 1 inaona ubaya wa kushoto, hatua ya 2 inamkatalia, na hatua ya 3 inampitisha. Hii ni kasoro ya tatu. Marekebisho ni maneno machache: «Kama sehemu ya kushoto ni sahihi NA sehemu ya kulia ni tupu».

Watafiti walikuta kizuizi kimoja: sehemu ya kushoto haizidi herufi 64, nafasi ndogo kwa amri ndefu. Wakaazima njia ya mnyoo wa Morris: amri fupi kwenye anwani, inayoiambia seva isome maelekezo mengine ndani ya barua. Miaka 31 ilikuwa imepita, na hila ile ile ilifanya kazi. Kwa hiyo usiandike katika jibu lako kwamba kasoro hizi ni za zamani.

(d) Barracuda, 2023

Kampuni ya Barracuda hutengeneza kifaa kinachokaa mbele ya seva na kuchuja barua mbaya. Mwezi Mei 2023 iligundulika kuwa wadukuzi walikuwa wakikitumia vibaya tangu Oktoba 2022. Kasoro, CVE-2023-2868, ilikuwa kwenye majina ya faili zilizofungwa pamoja ndani ya kiambatisho. Kifaa kilichukua majina hayo na kuyatia ndani ya amri bila ya kuyakagua kikamilifu. Baadaye kampuni iliwaambia wateja walioathirika wabadilishe vifaa vyenyewe.

Tukio hili linapanua maana ya «data zinazoingizwa». Si anwani tu na maneno ya barua. Jina la faili, ukubwa wake, tarehe yake, chochote kilichotoka nje ni data za kuhakikiwa.

5. MADHARA

Kasoro ya uhakiki katika seva ya barua pepe huweza kusababisha:
• barua za siri kusomwa, kama vile za wagonjwa, mishahara au mitihani;
• barua za uongo kutumwa kwa jina la ofisi halali;
• nywila za akaunti nyingine kubadilishwa, kwa sababu mifumo mingi hutuma kiungo cha kubadilisha nywila kwa barua pepe;
• seva kutumiwa kushambulia kompyuta nyingine;
• kazi za ofisi kusimama.

Msimamizi akikuambia «Sisi tupo kisiwani, nani atatujua?», mjibu kwamba wadukuzi hawachagui kwa kutazama ramani. Hutumia programu zinazopiga hodi kwenye maelfu ya seva, moja baada ya nyingine, zikiuliza zinatumia programu gani na toleo gani. Seva iliyopo Wete na iliyopo London hujibu hodi hiyo kwa namna moja.

6. KINGA

Kwa mtunzi wa programu

(i) Kagua kwenye seva, si kwenye kifaa cha mtumiaji pekee. Ukaguzi ulio kwenye simu au kivinjari humsaidia mtumiaji mwema aliyekosea. Mshambuliaji ataupita kwa kuzungumza na seva moja kwa moja.

(ii) Ruhusu unachokijua, usikataze unachokikumbuka. Orodha ya vilivyokatazwa haimaliziki; siku zote kutakuwa na alama uliyoisahau.

(iii) Pima urefu kabla ya kuweka data kwenye bafa.

(iv) Tenganisha data na amri. Uhakiki peke yake hautoshi. Chukua mfano wa mwanafunzi anayeishi Ng'ambo. Jina la mtaa wake lina alama ya ritifaa, na alama hiyo katika lugha nyingi za kompyuta hufunga maandishi. Ukiikataza, umemkatalia mwanafunzi huyo kujisajili kwa anwani yake halali. Ukiiruhusu bila ya tahadhari, umemfungulia mshambuliaji. Suluhisho ni kuipokea, kisha kuipeleka anwani nzima katika nafasi yake kama data, bila ya kuiunganisha na maneno ya amri. Hapo hata ikiwa na alama gani, itabaki kuwa anwani.

(v) Punguza uwezo wa programu. Sehemu inayozungumza na wageni isifanye kazi kwa uwezo wa mtumiaji mkuu. Mgeni akifanikiwa kuidanganya, atapata uwezo mdogo.

Kwa msimamizi wa seva

(i) Sasisha programu mara toleo lililorekebishwa linapotoka, na fuata matangazo ya vituo kama TZ-CERT.
(ii) Zima huduma na hali za majaribio zisizotumika.
(iii) Tunza kumbukumbu za matukio ya seva na uzisome; anwani zenye alama za ajabu ni dalili ya jaribio.
(iv) Weka nakala rudufu mahali tofauti na seva.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, Tanzania Bara na Zanzibar. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa halali. Zingatia: «nilikuwa najaribu tu» si ruhusa. Morris naye hakukusudia kuharibu faili za watu, na bado alitiwa hatiani. Ukitaka kujifunza, jaribu kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ukikuta kasoro kwenye mfumo wa wengine, usiiingie. Mjulishe mwenye mfumo.

7. MUHTASARI

Seva ya barua pepe hupokea data kutoka kwa wasiojulikana. Data zisipohakikiwa huweza kugeuka amri, kuzidi bafa, au kupita njia ya pembeni. Kinga ni kuhakiki mlangoni, kutenganisha data na amri, kupunguza uwezo wa programu, na kusasisha kwa wakati.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tofautisha uhakiki na uthibitishaji wa data. Toa mfano mmoja wa kila kimoja. (Alama 4)

2. Seva ya skuli inakubali anwani ambayo sehemu ya kushoto ina herufi 1 hadi 64, yenye herufi, tarakimu, nukta na kistari tu, na sehemu ya kulia isiwe tupu. Sema ipi itakubaliwa, ipi itakataliwa, na kwa ukaguzi gani. (Alama 4)
A: mwalimu.mkuu@skuli.example
B: @skuli.example
C: mwalimu mkuu;futa@skuli.example
D: mwalimu@

3. Tumia hatua nne za sehemu ya 4(c). Fuatilia anwani ambayo kushoto ni «a;b» na kulia ni tupu. Andika jibu la programu, kisha andika upya hatua yenye kosa. (Alama 5)

4. «Nywila imara inatosha kulinda seva ya barua pepe.» Pinga kauli hii kwa kutumia tukio la Exim. (Alama 5)

5. Ofisi moja ya Mkoani haijasasisha seva yake kwa mwaka mzima kwa sababu «inafanya kazi vizuri». Mwandikie msimamizi ushauri wenye hoja nne. (Alama 8)

MAJIBU YA MFANO

Swali la 2. A inakubaliwa. B inakataliwa kwa ukaguzi wa uwepo, kwa sababu kushoto ni tupu. C inakataliwa kwa ukaguzi wa orodha, kwa sababu ina nafasi na nukta mkato. D inakataliwa kwa ukaguzi wa uwepo, kwa sababu kulia ni tupu. Tahadhari: A kukubaliwa hakuna maana kwamba mwalimu mkuu ana sanduku la barua kwa anwani hiyo. Uhakiki umeona inakubalika, haujaona kama ipo.

Swali la 3. Hatua ya 1: kushoto si sahihi, kulia ni tupu. Hatua ya 2: masharti hayakutimia, endelea. Hatua ya 3: kulia ni tupu, jaza jina la seva, jibu NDIYO. Programu imeipitisha anwani mbaya. Hatua sahihi: «Kama sehemu ya kushoto ni sahihi NA sehemu ya kulia ni tupu, jaza jina la seva hii, kisha jibu NDIYO.»

Swali la 4. Nywila humzuia mtu asiingie katika akaunti. Mshambuliaji wa Exim hakuingia katika akaunti yoyote. Alileta barua kama seva yoyote ngeni inavyoleta, na hatua hiyo haiombi nywila. Amri ilikuwa ndani ya anwani, na Exim iliitekeleza kwa uwezo wa mtumiaji mkuu. Hata kama kila mfanyakazi angekuwa na nywila ya herufi 20, matokeo yangekuwa yale yale. Kilichohitajika ni kuhakiki anwani na kuweka toleo la 4.92.

Swali la 5. Mtahini anatafuta hoja zilizoelezwa, si zilizotajwa tu. Usiandike «asasishe programu» ukaishia hapo. Andika: «Asasishe programu, kwa sababu kasoro ikitangazwa hujulikana na washambuliaji pia, mwaka 2019 toleo salama la Exim lilitoka Februari, lakini seva ambazo hazikusasishwa zilikuwa zikishambuliwa na Sandworm tangu angalau Agosti.» Dai, sababu na ushahidi. Hoja tatu zilizobaki ziandike mwenyewe kwa mpango huo huo.